Mrejesho: Mahojiano ya mafundi majahazi kwenye marejeo ya APA

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza niwaweke vipi kwenye orodha ya marejeo mafundi majahazi niliowahoji hapa Bagamoyo kwa ajili ya tasnifu yangu.

Jibu: hawaingii kabisa. Kwa APA (mtindo wa kutaja vyanzo wa Chama cha Saikolojia cha Marekani) toleo la 7, lililotoka 2019, maneno ya washiriki wa utafiti wako mwenyewe ni data, si chanzo cha kuorodheshwa. Sasa nawataja ndani ya matini tu, hivi: "Mshiriki wa 4, fundi mwenye umri wa miaka sitini na ushee, alieleza kuwa..." Majina sitaji, maana niliahidi kuwasitiri. Mzee niliyezungumza naye nje ya utafiti ni mawasiliano binafsi: jina na tarehe kamili kwenye mabano, basi, orodhani hayumo. Inaniuma kidogo, kwa sababu wazee hawa ndio wenye elimu yenyewe, kwa hiyo nimewashukuru kwa kirefu kwenye ukurasa wa shukrani.

La ziada, toleo hili halitaki mji wa mchapishaji. Nimeondoa "Dar es Salaam:" kote. Ila chuo chako kikiwa na mwongozo wake, fuata huo kwanza.

Msimamizi ameshaipitisha sura ya nne.