Naomba ushauri: nauli ya kongamano Kigali, hela inarudishwa baada ya safari

Habari za jioni wakuu. Nasoma uzamili wa sayansi ya kompyuta hapa Dodoma. Andiko langu la kutambua maneno ya Kigogo kwenye sauti limekubaliwa kwenye kongamano Kigali, na waandaaji watanigharamia nauli na malazi. Nilishangilia mpaka nikafika mstari wa mwisho: unalipa mwenyewe kwanza, unawasilisha risiti, wanakurudishia baadaye. Mfukoni nina laki moja na themanini, na mwenye nyumba Nkuhungu ananisubiri.

Chuoni nimeomba kuazimwa. Barua iko mezani kwa mhasibu wiki ya tatu sasa. Kila nikienda, "njoo Alhamisi". Ada ya ushiriki kalipa msimamizi wangu, Mungu ambariki. Ndege siiwazi, nitapanda basi: Singida, Nzega, Kahama, hadi mpakani Rusumo.

Mliowahi kupata msaada wa hivi, mliwaandikiaje waandaaji wawalipie hoteli moja kwa moja au watume sehemu ya hela mapema, bila kuonekana wasumbufu? Na tiketi ya basi ya kuandikwa kwa mkono, jina limekosewa herufi, waliipokea kama risiti?