Mrejesho: kapi za alumini zilizokuwa zikikatika ghafla
Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kwa nini kapi za mashua tunazosubu hapa Mombasa kwa alumini chakavu zilikuwa zikikatika bila hata kupinda. Mlinituma niangalie chuma kilichochanganyika na alumini hiyo, nami nilipotazama pale palipokatika niliona vibapa vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Chuma kikizidi katika aloi (mchanganyiko) ya alumini na silikoni hujenga vibapa vyembamba vigumu ambavyo ufa hupita humo kwa urahisi, ilhali manganisi, takriban nusu ya kiasi cha chuma, huvipa umbo lenye madhara madogo.

Nimeacha kuyeyusha pistoni kuukuu za injini, maana shaba iliyomo huongeza nguvu lakini huifanya aloi iliwe upesi na maji ya chumvi. Sasa natumia aloi yenye silikoni asilimia 7 na magnesiamu asilimia 0.3, ambayo magnesiamu yake haileti nguvu kamili mpaka kapi ipashwe moto hadi nyuzi 540 hivi, izamishwe majini, kisha ipashwe tena kwa nyuzi 160 kwa saa kadhaa. Hatua hiyo nilikuwa nikiiruka. Nakiri, kwa uvivu.

Kapi ya kwanza ya aloi hii tuliibana kwenye jiliwa tukaigonga nyundo: ilipinda kwanza, ndipo ikapasuka.