Waliofufua jina la Datsun wametuharibia mpaka spea: nimeagiza gasketi ya 1200, imekuja yenye matundu matatu!

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Leo naandika nina hasira, kwa hiyo wale wa kusahihisha herufi wakae pembeni kwanza.

Pikapu ya mzee wangu, Datsun 1200, ilianza kuchemsha tukiwa tunashuka Soni kwenda Mombo na mzigo wa kabichi. Tukasimama, tukaiacha ipoe, nikafungua kifuniko cha oili: oili imegeuka chai ya maziwa. Wenye magari ya zamani mmeshaelewa. Gasketi ya silinda hedi imekwenda, maji na oili vinaoana. Fundi wetu, ambaye ameishika injini hii tangu mimi navaa kaptura za shule, akaivua hedi, akaiweka juu ya kioo kuipima, akasema haijapinda. "Lete gasketi tu, nakufungia jioni moja."

Zamani ungemtuma mtoto dukani na karatasi. Sasa hivi nimezunguka Tanga mjini siku nzima, nikashuka mpaka Gerezani pale Dar, kila duka wananiangalia kama nimeulizia kichwa cha treni. Nikaingia mtandaoni. Nikampata muuzaji mmoja (simtaji, tatizo ni kubwa kuliko yeye), nikamwandikia kwa ufupi: gasketi ya hedi, Datsun 1200. Dakika tano tu akajibu ipo. Nikatuma shilingi 145,000 pamoja na usafiri. Nikasubiri wiki sita.

Mzigo umefika jana. Nikaufungua mbele ya fundi. Matundu matatu.

Injini ya Datsun 1200, ile A12, ina silinda nne tangu izaliwe, na gasketi ina tundu kubwa moja kwa kila silinda! Fundi akaiinua ile gasketi kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi, akachungulia kwenye tundu moja, kisha akaniuliza kwa upole wa kuudhi, "Hii umeagiza ya bajaji?"

Nikampigia muuzaji. Anajibu bila wasiwasi: "Bosi, uliomba Datsun 1200, hiyo ndiyo Datsun 1200. Datsun GO, injini ya 1200, silinda tatu."

Hapo ndipo nilipopandwa. Maana kwa hesabu zake hajakosea. GO ina cc 1198, yetu ina cc 1171, zote watu wanaziita 1200, zote zimeandikwa Datsun. Kosa ni la waliochukua jina la gari ya baba yangu wakalibandika kwenye kitu kingine kabisa, wakauza miaka minane hivi, halafu wakaondoka na kutuachia vurugu hii.

Kwa vijana ambao Datsun wanaisikia tu kwa wazee, ngoja niwarudishe nyuma.

Jina lenyewe ni la miaka ya 1930 mwanzoni, Japani. Kulikuwa na kampuni inatengeneza magari ya DAT, ikatoa gari dogo likaitwa Datson, yaani mtoto wa DAT. Shida ni kwamba kwa Kijapani "son" inasikika kama neno la hasara, basi wakabadili herufi moja ikawa Datsun. Walikimbia hasara kwa herufi. Shikeni hilo hapo, nitalirudia.

Huku kwetu jina hilo halikujengwa na matangazo. Lilijengwa na barabara. Mbio za magari za Safari, zile za Pasaka, enzi zile hazikuwa za Kenya peke yake. Zilikuwa zinavuka kuja Tanganyika na Uganda, na kuna miaka magari yalipanda hata hii milima yetu ya Usambara. Mwaka 1970 Edgar Herrmann akashinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 akashinda tena, safari hii na 240Z. Mwaka 1973 ndio uhondo wenyewe: Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kijana wa jamii ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka mmoja tu kabla, alimaliza akiwa amelingana pointi za adhabu na Harry Källström, ambaye naye alikuwa ndani ya Datsun! Ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta akachukua. Halafu akaja kushinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun Violet, ile wengine wakiiita 160J. Ushindi mara tano jumla, zote ndani ya magari ya kampuni ile ile.

Mzee wangu hakuwahi kumwona Mehta ana kwa ana. Lakini aliponunua pikapu, hakwenda kuuliza ni ipi ina redio. Alisema gari linalokula tope la Safari siku nne halitashindwa kabichi za Lushoto. Na halikushindwa. Limebeba kabichi, plamu, mbao, maharusi, maiti mbili na mtamba mmoja aliyekula turubai njiani. Kabureta unaifungua kwa bisibisi chini ya mwembe. Pampu ya maji, plagi, pointi, vyote unafikia kwa mkono bila kuchubuka. Hii ndiyo ilikuwa maana ya Datsun kwa mtu wa kawaida: gari la bei ya chini ambalo fundi wa kijijini analimudu.

Wenyewe wakaliua. Mwaka 1981 Nissan, kampuni yenye jina la Datsun, walitangaza kwamba jina la Datsun linaondolewa, dunia nzima iwe Nissan, na kufika 1986 hivi likawa limefutika. Sawa. Iliuma, ila hilo lilikuwa jina lao, na magari yalibaki yale yale. Nembo imebadilika, bolti hazijabadilika. Kwa majirani zetu Kenya jina la Nissan likakolea mpaka abiria wakawa wanaita matatu "nissan". Hapakuwa na wa kulalamika.

Na pikapu ndogo yetu haikufa! Hili wengi hamlijui. Afrika Kusini, kiwanda cha Rosslyn, waliendelea kuitengeneza kwa jina la Nissan 1400 mpaka mwaka 2008. Bodi ile ile, injini ni ndugu wa damu wa A12. Mwaka 2008! Wakati watu wana simu za kugusa, kuna mtu alikuwa anatoka dukani na pikapu ya 1971 ikiwa mpya. Wakaifuta, nafasi yake wakaweka NP200, ambayo kwa ndani ni Dacia Logan ya pikapu. Kumbukeni Renault ya Ufaransa walishaingia Nissan mwaka 1999 kwa kununua asilimia 36.8, na Carlos Ghosn ndiye aliyeshika usukani. Kuanzia hapo kampuni ikawa ya Kijapani kwa jina, mahesabu yakipigwa na watu wengine.

Sasa sikilizeni mpangilio ulivyokaa. Mwaka 2008 wanafuta gari lililo Datsun halisi kwa kila kitu isipokuwa jina. Machi 2012 Ghosn anasimama Indonesia na kutangaza kwamba Datsun inarudi. Julai 2013 anafunua GO kule New Delhi. Mwaka 2014 inaanza kuuzwa, na Afrika Kusini, nchi ile ile walikotoka kuifuta ya kweli, inapokea hii.

Nilishangilia, sina aibu kusema. Nilimwonyesha mzee picha kwenye simu. Akaitazama muda, akaniuliza, "Hii bodi yake wapi?" Alimaanisha bodi ya nyuma, ya kubebea mzigo. Nikamwambia hii ni ya familia, mzee. Akanirudishia simu.

Ndani kuna nini? Jukwaa, yaani msingi wa chini wa gari, la Nissan Micra, injini ya silinda tatu, na toleo la kwanza halina hata mfuko mmoja wa hewa, halina ABS, zile breki zisizofunga tairi. Novemba 2014 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagonga, wakaigonga kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa: nyota sifuri kwa watu wazima. Sifuri! Na walichosema ndicho kibaya zaidi: bodi lilikunjika kiasi kwamba hata ukiweka mifuko ya hewa haitasaidia. Mwenyekiti wao, Max Mosley, akamwandikia Ghosn barua kumtaka aliondoe sokoni. Halikuondolewa. Mwaka 2017 walipopima magari yanayouzwa Afrika, GO+ yenye mfuko wa hewa wa dereva ikapata nyota moja, wakati Toyota Etios kwenye jaribio hilo hilo ilipata nne.

Najua kuna mkuu atakuja hapa na ile hoja ya "hata Datsun ya zamani ingepata sifuri". Ni kweli, ingepata hata chini ya sifuri kama ingekuwepo. Ila mkuu, ile ni ya 1971. Wakati huo dunia nzima ilikuwa hivyo. Wewe umepewa miaka 40 ya kujifunza, una maabara, una kompyuta, halafu unakuja kumuuzia Mhindi na Mwafrika gari linalojikunja kama boksi la viatu, na juu yake unabandika jina ambalo babu yake alikuwa analiamini. Jina ndilo lilikuwa chambo. Lingeitwa jina lolote jipya nisingeandika uzi huu.

Urusi ndiko walikonichekesha kwa uchungu. Zile Datsun za Urusi, on-DO na mi-DO, zilitengenezwa Togliatti kwenye kiwanda cha AvtoVAZ. Kwa Kiswahili chepesi: ni Lada. Lada Granta na Kalina zilizobadilishwa sura ya mbele kidogo. Sasa Mrusi aliyetaka Lada si angenunua Lada?

Mwisho wake mnaujua. Urusi na Indonesia walifunga 2020. India wakafunga 2022. Ghosn mwenyewe alikamatwa Tokyo Novemba 2018, na Desemba 2019 akatoroka Japani akiwa amefichwa ndani ya kasha, akatokea Lebanon. Herufi waliyobadili kukwepa hasara miaka ya 1930 haikufua dafu safari hii.

Si Datsun peke yake, haya mambo yamekuwa mtindo. Borgward ya Ujerumani ilifilisika 1961, ikafufuliwa 2015 kwa pesa za Foton ya China, ikafilisika tena 2022. MG ya Waingereza ilianguka 2005, Wachina wa Nanjing wakanunua mabaki, kisha SAIC, Wachina wengine, wakaimeza Nanjing. Leo MG zinauzika kweli kweli, ndugu zetu walioko Oman na Emirates wanaziona kila kona. MG siwalaumu sana. Hawakuahidi kwamba ni yale yale magari ya wazi yaliyotengenezwa Abingdon, Uingereza, na angalau bado wapo, ukiharibikiwa una wa kumpigia. Hawa wangu walifufua maiti, wakaitembeza sokoni, wakaizika mara ya pili bila matanga.

Na sisi wenye magari ya zamani ndio tumebaki na makaburi mawili yenye jina moja. Andika leo "Datsun 1200" kwenye tovuti za spea uone. Chujio za hewa za GO. Breki za redi-GO. Taa za on-DO. Ya kwetu imefukiwa ukurasa wa saba huko chini, na muuzaji wa miaka 22 hajui kwamba kulikuwa na nyingine. Ukimwambia A12 anadhani ni simu ya Samsung.

Muuzaji wangu anasema hela hairudishwi kwa sababu "bidhaa ni sahihi". Tumebishana nusu saa. Mwisho akaniomba nimtumie picha ya gari. Nikamtumia. Akakaa kimya kidogo, akaandika: "Kumbe ziko nyingine."

NYONGEZA: Naona mmeanza kunishauri ninunue Probox. Asanteni. Mzee yupo hapa nje, ameketi kwenye kivuli cha pikapu na redio yake, nendeni mkamwambie wenyewe.

NYONGEZA 2: Mkuu aliyesema nichonge gasketi ya shaba kwa mkono, fundi amesema inawezekana ila anataka ya zamani aitumie kama kigezo, na ya zamani imetoka vipande. Kwa hiyo naomba hivi: mwenye gasketi ya hedi ya A12, mpya au iliyotumika lakini nzima, aje PM na picha. Usiniandikie jina la gari, jina silitaki tena. Hesabu matundu uniandikie namba. Nataka MANNE.