Verni gani inavumilia alkoli na mafuta moto ku kitako cha mbao?

Mvuke_Lushi
Ba mukubwa na ba yaya, jambo yenu. Niko Lubumbashi, ku Katuba, ninatengenezaka mashini ndogondogo za mvuke juu ya kuonyesha watoto wa shule ya teknike namna pistoni inasukuma gurudumu. Boila ni ya shaba nyekundu, silinda ni ya bronzi, yote inasimama juu ya kitako cha mvule. Menizye (seremala) mmoja alikipaka verni ya gomulaki, ikang'ara vizuri sana, lakini siku tumewasha, alkoli ya taa inayochemsha boila ikamwagika kidogo na palepale verni ikalainika, ikashika alama ya kidole. Chini ya silinda nako, pale maji moto na mafuta vinatonatona, pamegeuka peupe kama maziwa. Nataka kitu cha kudumu, na rangi ya mvule ibakie inaonekana. Munatumiaka nini?

Tolie wa Komine Kenya
Mukubwa, gomulaki inayeyushwaka na alkoli, njo dawa yake wanaitengenezea, kwa hiyo haiwezi kukaa karibu na taa yako hata siku moja. Na joto pia haipendi. Enda kwa wale wanauzaka rangi za magari uombe verni ya wazi ya poliyuretani, ile inakuja na bidoni yake ya pili ya kukomalisha. Ile ikisha kukauka kabisa, mafuta yanapita juu, unapanguza, basi. Changanya paka ile utatumia, juu ikisha kuchanganywa hairudi tena ku kopo, na ufuate kipimo kimeandikwa pale, usikisie. Tena usipige na pistole ya rangi ndani ya nyumba! Ile dawa ya kukomalisha iko na izosianati, inaharibu mapafu, na masiki ya kitambaa haizuii kitu. Paka na burashi, inje, kwa koti nyembamba.

Menizye_Bukavu
Ninaunga mkono, ila mvule iko na mambo yake. Ile mbao iko na mafuta ndani, unaweza kupaka verni nzuri ya bei na ikabakia inanata siku na siku, au ikaganduka baadaye. Piga papie vere (karatasi ya kukwaruza mbao) namba 120, kisha 180, kisha 240, panguza na kitambaa chenye asetoni, na upake koti ya kwanza palepale mbele mafuta hayajapanda tena. Kati ya koti na koti pitisha 320 polepole. Watu wengi wanapakaka juu na pembeni tu, chini wanaacha mbao tupu, halafu wanashangaa kitako kinapinda. Kwenu Lushi kukishakuwa saizo seshi mbao inakauka sana, mvua ikirudi inavimba, kwa hiyo paka pande zote sita, na ndani ya matundu ya vis pia. Yale matundu yafanye marefu kidogo kufuata upana wa mbao, juu mbao inatembea na chuma haitembei.

Papa Fereji
Miye bado niko mtu wa mafuta ya lin. Ikikwaruzika unapaka tena pale pale, hauna kazi ya kutoa yote.

Tolie wa Komine Kenya
Papa, kwa meza ya nyumbani ndiyo, nakubali. Hapa kuna mafuta meusi ya silinda kila siku, yataingia ndani ya mbao na hayatatoka tena. Na kwa wale watatumia lin: vitambaa mumepangushia musivikunje na kuvitupa pembeni, vinajipasha moto vyenyewe mpaka vinawaka. Tandaza inje au tia ndani ya maji.

Mvuke_Lushi
Asanti sana. Na chini ya boila kabisa, verni ya gari itavumilia? Wengine bananiambia nitie epoksi.

Menizye_Bukavu
Hakuna verni ya kuvumilia moto yaya, usiidai kazi si yake. Epoksi nyingi za kawaida zinaanza kulainika karibu na digrii 60, na jua linazifanya njano. Kata bati, kunja ukingo pande zote, inyanyue na rondela ili hewa ipite kati yake na mbao, taa ikae juu ya ile bati. Hapo alkoli ikimwagika inabakia ndani ya bati. Kwa watoto ile ni ya lazima kabisa, juu moto wa alkoli mchana hauonekani vizuri, mtoto anaweza kutia mkono bila kujua. Weka ndoo ya maji karibu, alkoli inachanganyika na maji.

Mvuke_Lushi
Bati niko nayo. Kesho ninakwangua gomulaki yote. Baada ya koti ya mwisho ningoje muda gani mbele ya kufunga mashini?

Tolie wa Komine Kenya
Kushika utashika kesho yake, lakini kufunga bulo ngojea juma nzima, ukikaza mapema miguu ya mashini inazama ndani ya verni. Na tia rondela chini ya kila miguu ya chuma, pale maji yanajifichaka.