Mswaki wa umeme ama huu wa kawaida? Fizi zangu zinarudi nyuma

BabaShiru_Umoja

Habari zenu wadau. Juzi nimeenda kwa daktari wa meno kwa sababu nikinywa kitu baridi, hata ile hewa ya saa kumi na moja asubuhi ikiingia mdomoni nikingoja matatu, kuna jino la juu kushoto linachoma mpaka machozi yananilenga. Akaangalia akasema halijatoboka, ila fizi imepanda na shingo ya jino imebaki uchi, akanishikia kioo nikaona kamfereji kadogo hapo kwa fizi, ukipitisha ukucha unakwama. Akauliza natumia mswaki gani nikasema ule mgumu, maana ule laini naona haufanyi kazi. Akaniambia niachane nao leo leo, nichukue laini, na nikijiweza ninunue wa umeme wenye sensa, ile inakushtua ukikandamiza sana.

Sasa vita iko nyumbani. Mama Shiru anasema hizo ni mbwembwe za watu wa Kileleshwa, mswaki ni mia na hamsini pale supamaketi na elfu sita ni pesa ya gesi na unga na chenji inabaki. Nimeangalia onlaini, kuna za kama elfu moja za kutia betri za rimoti, kuna za elfu nne, tano, sita, halafu kuna za elfu ishirini zinaongea na simu, jino langu sijui linataka kuambia simu nini. Kuna tofauti ya ukweli ama tunauziwa kelele? Stima zikipotea siku mbili inakuwaje? Na msichana wangu wa miaka saba anaweza kuutumia pia ama nimwachie wake?

Dawa_ya_Fizi

Nafanya kazi kliniki ya meno, sio ya huyo daktari wako lakini kesi kama yako tunaziona sana. Kitu watu hawaelewi ni kwamba ule uchafu wa meno, ule utando mweupe unaoukwangua na ukucha ukiamka, ni laini. Hauhitaji nguvu kabisa. Ukishakuwa mgumu umegeuka ukoga, na huo hata usugue mpaka mkono uchoke hautoki, unatolewa kliniki na vyombo. Kwa hivyo nguvu zote unazoweka zinaishia kwa fizi na kwa shingo ya jino, na fizi ikishapanda unasugua dentini, ile sehemu ya ndani ya jino, ambayo ni laini kuliko enameli, lile ganda gumu la juu, ndio maana baridi inapenya moja kwa moja mpaka kwa neva.

Swali lako sasa. Kuna uchambuzi wa Cochrane wa 2014, hawa kazi yao ni kukusanya tafiti za wengine na kuzipima pamoja, walichukua tafiti 56 zenye washiriki zaidi ya elfu tano. Mswaki wa umeme ulipunguza utando kwa asilimia 11 zaidi ya ule wa kawaida kwenye miezi mitatu ya kwanza, na asilimia 21 ukitumika kupita hapo. Fizi kuvimba ilipungua kwa asilimia 6, baadaye 11. Tofauti ipo, sio kelele tu, lakini wenyewe walisema haiko wazi hiyo tofauti ina uzito gani kwa afya ya mdomo ya mtu mwishowe. Mtu anayejua kuutumia wa kawaida, yaani laini, nywele ziinamie fizi kama nyuzi 45 hivi, misogeo midogo midogo, dakika mbili, asubuhi na usiku, huyo hana haja ya kuuza mbuzi. Shida ni kumpata huyo mtu. Hebu weka saa ya simu leo usiku upige mswaki vile umezoea uone kama utafika hata dakika moja.

Kwako wewe unalipia sensa, sio mota. Ukikandamiza taa nyekundu inawaka, nyingine zinapunguza mwendo zenyewe. Na taima inakutikisa kila sekunde thelathini uhamie upande mwingine wa mdomo. Lakini usiusugue!! Hapa ndipo watu wanaharibu. Unauweka kwa jino, unautulia, sekunde mbili tatu, unasonga jino linalofuata. Ukiuendesha mbele nyuma na ile nguvu yako ya zamani utachubuka na pesa imeenda. Zile za elfu moja mara nyingi hazina sensa wala taima, hizo wacha kabisa.

Hiyo baridi, tafuta kolgeti ya meno yanayochoma, paka kidogo na kidole hapo kwa mfereji ukienda kulala, na baada ya kupiga mswaki tema povu tu usisukutue na maji, floraidi, ile madini ya dawa ya meno inayolinda jino, ibaki kazini. Halafu kama wewe ni wa yale maembe mabichi ya pilipili ya barabarani, usikimbilie mswaki ukimaliza kula, asidi inalainisha uso wa jino, ngoja kama saa moja hivi.

Abdi_Section3

Nyinyi endeleeni kuchaji meno 😂 Huku Eastleigh mswaki wa mti ni shilingi ishirini, unabandua gamba kwa ncha, unatafuna mpaka itoke nyuzi nyuzi, ikichakaa unakata unaanza upya, haujui tokeni haujui soketi. Babu yangu Garissa amezeeka na huo na bado anakula nyama ya ngamia bila kuombwa pole. WHO, Shirika la Afya Duniani, wenyewe waliupendekeza tangu 1986, nendeni msome.

Dawa_ya_Fizi

Abdi sikupingi, ule mti una kazi yake na kwa mtu aliyezoea tangu utoto anaufanyia vizuri. Ila nyuma kabisa kwa ndani ya magego haufiki vile unavyofika mbele, na ukiuburuta kando kando kwa shingo ya jino nao unachubua tu. Usiku tumia dawa ya meno yenye floraidi pia, havigombani.

Karis_Roysambu

Mimi niko na Mama Shiru. Watu wanaongea bei ya mswaki hawaongei bei ya vichwa. Kichwa kinabadilishwa kila miezi mitatu minne, sawa tu na mswaki wa kawaida, na kimoja cha ukweli ni kama mia sita mpaka mia nane, sasa piga hesabu, hiyo ni kama elfu mbili hadi tatu kila mwaka na ni mtu mmoja, wa kawaida kwa mwaka hata elfu haifiki. Wengi wananunua kwa mbwembwe halafu kichwa kinakaa mwaka mzima nywele zimelala pande zote, hapo sasa hata ule wa mia na hamsini ukiwa mpya unakushinda. Kama hauna pesa ya vichwa usianze.

Fundi_wa_Luthuli

Wacha nijibu ya stima kwa sababu naona mmeiruka. Ya kuchaji ukiijaza vizuri inashika kama wiki moja mpaka mbili kwa mtu mmoja, kwa hivyo stima kupotea siku mbili sio shida, na ikizima katikati si unamalizia na mkono, nywele ziko palepale. Tokeni usihofu, hizo chaja zinakula kama wati moja hivi, balbu yako ya choo inakula zaidi. Chaja nyingi hazina chuma ya kugusana, kuna kale kamwiba ka plastiki kanaingia chini ya mswaki, moto unapita kwa sumaku ndani ndio maana unaweza kuiacha karibu na sinki lenye maji.

Ya maana ni hii. Nyingi zinazoletwa na watu kutoka Uingereza zina plagi ya pini mbili nyembamba, ile ya mashine ya kunyolea, haiingii kwa soketi yetu, utatafuta adapta, na usiingize pini mbili kwa nguvu na kalamu vile naona watu wanafanya. Ya kutoka Marekani ndio hatari, geuza chaja usome chini, ikiwa imeandikwa 100-240V uko sawa, ikiwa 110 ama 120 peke yake usichomeke, stima yetu ni 240, nimeletewa hizo kadhaa zimenuka moshi siku ya kwanza. Betri ndani imechomelewa na mwili umezibwa maji yasiingie, ukifungua kubadilisha betri huwezi kuziba tena vile ilikuwa. Kwa hivyo usinunue ya mtumba hata wakikuapia. Na vichwa feki vimejaa tao, angalia nywele, zikiwa zimekatwa ncha kali kali badala ya kuzungushwa hiyo itakukata fizi.

Min_Kaloleni

Kuna watu hamjawafikiria. Mama yangu ana athritisi, ule ugonjwa wa viungo, vidole havikunjiki, ule mswaki mwembamba ulikuwa unamponyoka na alikuwa ameacha kabisa meno ya nyuma, tukimwuliza anasema amemaliza. Wa umeme mkono wake ni mnene anaushika na kiganja chote. Sina hesabu za asilimia lakini fizi zimeacha kutoka damu. Kwake hata ungekuwa elfu kumi ningechanga na ndugu zangu.

BabaShiru_Umoja

Asanteni sana, hii imenifungua macho. Nimenunua laini wa mia na themanini kwanza na kolgeti ya hiyo shida, mwisho wa mwezi ndio nitachukua wa sensa, wa elfu tano, Karis hesabu yako ya vichwa nimeionyesha kwa nyumba na imeniharibia kidogo lakini sawa 😅

Sasa kuna swali limetoka kwa Mama Shiru mwenyewe, amesoma hii yote juu ya bega langu. Amelelewa upande wa Nakuru na meno yake ya mbele yana yale madoa ya kahawia. Anauliza huo wa umeme unaweza kuyatoa? Akisikia ndio najua vita imeisha.

Dawa_ya_Fizi

Hautayatoa, na usimdanganye ununue ukisema utayatoa. Bonde la Ufa maji mengi ya visima yana floraidi nyingi kwa sababu ya ile miamba ya volkano, WHO inasema isipite miligramu 1.5 kwa lita na huko kuna visima vinapita hapo mbali sana. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajiunda ndani ya fizi ile rangi inaingia kwenye enameli yenyewe, haikukaa juu, kwa hivyo asisugue na mkaa wala na ndimu wala na baking powder, atamaliza jino rangi ibaki. Aje kliniki tumwangalie, kuna namna ya kung'arisha, na yakiwa yamekolea tunafunika kwa kujaza juu.

Na lile swali lako la msichana, miaka saba anaweza kuutumia, lakini kichwa chake mwenyewe, kidogo, cha watoto, cha mkubwa ni kikubwa kwa mdomo wake. Ule mkono mnaweza kugawana. Dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, asimeze, na umsimamie usiku, umri huo bado hawafiki nyuma wenyewe. Mkitumia maji ya kisima hapo Umoja yapelekeni yapimwe, visima vingine vya Nairobi navyo vina floraidi nyingi.

Karis_Roysambu

Kwa hivyo Mama Shiru hanunuliwi kitu?

BabaShiru_Umoja

Amesema basi achukue yeye huo wa sensa na mimi nibaki na wa mia na themanini.