Nakaa ghorofani, sina uwanja: taka za jikoni nizifanyeje?

BintiTudor
Assalamu alaykum nyote. Nakaa Tudor, hapa Mombasa, ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga. Mahali pa wazi nilipo napo ni roshani nyembamba ya kuanikia nguo. Kikapu cha sokoni nishakizoea, maji ya kunywa twachemsha wenyewe, taa zote ni hizi zisizokula stima. Linalonikera ni pipa la jikoni. Kila jioni limejaa maganda ya ndizi na viazi, machicha, vichwa vya samaki, majani ya chai, na juu yake chupa za soda na pakiti za maziwa. Kijana wa mkokoteni akichelewa siku moja tu, kwa joto hili harufu yafika kwa jirani. Na mvua za masika zikianza, yaliyomwagwa pale chini huteremka na mtaro mpaka kwenye mikoko ya hori. Naona uchungu kila nikipita. Mtu asiye na hata kipande cha ardhi aanzie wapi?

BiMkubwaKibokoni
Wa alaykum salaam mwanangu. Anza kwa kutenga mabichi na makavu. Mengine yote yafuata hapo. Chupa iliyorowa mchuzi hakuna aitakaye, lakini chupa kavu ina mnunuzi. Na hayo mabichi ndiyo mengi, zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni vitu vya kuoza. Vikipelekwa jaani Mwakirunge vikafukiwa chini ya marundo pasipo hewa, hutoa gesi ya methani, nayo, kilo kwa kilo, hupasha dunia joto kuliko huu moshi wa magari tunaoulalamikia. Vikiozea penye hewa huwa mboji.

Roshani yako yatosha. Tafuta ndoo mbili za rangi, zile za lita 20 zenye vifuniko, kwa wapaka rangi hukosi. Zitoboe chini na ubavuni kwa msumari wa moto, uziweke juu ya matofali, na sinia kuukuu chini ya kukinga maji. Tandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kisha tia maganda yako, uyakate madogo madogo. Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama: hutia maganda matupu, ndoo yajaa maji, yanuka, waitupa na kusema mambo haya ni ya wenye mashamba. Kila ukitia kibichi, kifunike kwa kikavu mara mbili yake: maranda ya seremala, makumbi, trei za mayai zilizochanwa. Shika konzi moja ufinye. Inatakiwa iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, itoke tone moja au mawili, basi. Ikitiririka, ongeza kavu. Ikiwa kavu mno, nyunyiza maji uliyooshea mchele. Ikoroge kwa kijiti kila baada ya siku chache ipate hewa. Ya kwanza ikijaa iache, uanze ya pili. Kwa joto letu la Mvita, miezi miwili mitatu utakuta udongo mweusi unaonukia kama ardhi iliyonyeshewa. Mimi nautilia mrehani na pilipili kwenye madebe, na jirani yangu huja kuomba wa asumini yake.

Nyama, mifupa na mafuta usitie, vyaita panya. Vichwa vya samaki, mwanangu, kwani haviliwi? Kichwa cha changu au tewa chatoa supu nzuri kwa ndimu na bizari. Machicha yana mafuta, yatajaza siafu roshani nzima, kwa hivyo mpe mwenye kuku. Vifuu navyo ni kuni, vianike uwashie jiko.

FundiMikindani
Bi Mkubwa kamaliza upande wa mabichi. Mimi nafuga kuku huku Mikindani, machicha nayapokea kwa mikono miwili. Niongeze kwenye makavu.

Dada, tazama chini ya chupa kuna namba ndani ya pembetatu. 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni madumu na galoni za mafuta. Hizo mbili ndizo zenye soko kwa wanunuzi wa skrepu, hupimwa kwa kilo. Zisuuze kwa maji uliyokwisha oshea vyombo, uzikanyage, uziweke kwenye gunia. Pakiti za krispi na biskuti hazina mnunuzi, kwa sababu zimegandishwa tabaka za vitu mbalimbali visivyotengeka. Dawa yake ni kutozinunua. Maziwa, nenda na chombo chako kwa muuzaji wa kupima.

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, lakini vifungashio vya kiwandani viliachwa, ndiyo maana mitaro bado imejaa. Na katika mikoko hiyo unayoiona, aina iitwayo mchu hupumua kwa ile mizizi inayochomoza juu ya tope. Plastiki ikiilalia mizizi, mti wafa umesimama. Tukiingia kusafisha maji yakitoka, hapo pa mizizi ndipo panapotuchosha zaidi.

Mpangaji_Majengo
Nyote mwasema kweli, lakini mimi nilitenga na mkokoteni ukaja kuchanganya vyote mbele ya macho yangu. Faida iko wapi?

BiMkubwaKibokoni
Usimpe vyote kwa pamoja, baba. Mabichi yabaki kwenye ndoo yako, na gunia la chupa mkabidhi yeye mkononi, umwambie ni lake akauze. Hawezi kuchanganya riziki yake. Na mwenye nyumba akikataa kuweka mapipa mawili, mkumbushe kwa adabu kwamba sheria ya taka ya 2022 yataka zitengwe tangu nyumbani.

BintiTudor
Shukran sana Bi Mkubwa, na wewe kaka. Ndoo nshaziulizia. Nikikuta funza ndani, nimwage?

FundiMikindani
Usimwage. Wale wanene wa kijivu ni wa nzi mweusi, hula taka haraka na hawana madhara. Zidisha kavu watapungua, na wakizidi niletee, kuku huwagombania.

BiMkubwaKibokoni
Na kwa seremala, uliza kwanza ni mbao gani. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa usichukue, hasa ukitaka kupanda cha kula.