Naomba ushauri, nawaelezaje wanafunzi safari ya salmoni?

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Naandaa somo la samaki wanaokulia baharini halafu wanapanda mtoni kutaga, nimekwama kwa salmoni. Kwenye harufu niko sawa, kwamba anaunusa mto aliozaliwa anaufuata, akishaingia maji ya mtoni yasiyo na chumvi anaacha kula anaishi kwa mafuta ya mwilini tu, yule salmoni aina ya sokai wa Pasifiki anageuka mwekundu kichwa kijani, dume taya linapinda kama ndoana, jike anachimba changarawe kwa kupiga mkia. Kwenye video inaniuma roho kabisa.

Shida ni chumvi. Baharini anakunywa maji, matamvua (anayopumulia) yanaitoa chumvi nje, mtoni yanageuka yanaivuta ndani na anakojoa sana. Nimechora mishale ubaoni, nikaloweka na vipande vya viazi kwenye maji ya chumvi, vikalegea vizuri tu ila wakaniuliza "sasa samaki mbona halegei?"

Kuna jaribio gani rahisi la kuonyesha matamvua yakigeuza kazi? Na mbona sokai akishataga anakufa, wakati wa Atlantiki wengine wanarudi baharini?